Punda wa Majina ya Kuazima

Nilipokuwa mdogo sana, kabla hata sijajua kujifunga kamba ya gauni, niliugua surua. Wakati ule mtoto wa surua hakuonyeshwa mwanga, walisema jua litamla macho. Basi bibi yangu, mama mzazi wa baba, alinilaza chumba cha mbele, akachukua blanketi lake jekundu akalipigilia misumari dirishani, juu na chini na pembeni, mpaka mchana wa Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura, ukawa giza. Harufu ya blanketi lile ninayo mpaka leo: moshi wa mkaa, kafuri, na mawese kidogo, kwa sababu kuna siku chupa ilimwagika sandukuni. Uji wa ulezi haukushuka kooni. Kuwashwa sitaki hata kukusimulia.

Sasa lile blanketi lilikuwa na tundu. Sijui ni nondo, sijui ni cheche ya mkaa, tundu dogo tu, kidole cha mtoto hakipiti. Na jua likiwa kali barabarani, watu walipita kwenye tundu lile wakaingia chumbani kwetu. Nasema kweli, rafiki yangu. Waliingia ukutani, vichwa chini miguu juu. Alipita mwanamke na beseni lake la ndagala, wale dagaa wa ziwani, beseni liko chini, yeye yuko juu yake, na ndagala hazimwagiki. Ikapita baiskeli magurudumu hewani. Akapita mbuzi anatembea kama inzi darini. Nikapiga kelele. Bibi akaja mbio akatazama ukuta, lakini mwenyewe alisimama mbele ya tundu, mgongo wake ukaziba, kwa hiyo hakuona kitu. Akanipapasa paji la uso.

"Hao ni watu wa homa, mjukuu wangu," akasema. "Wakikuita usiwaitikie."

Hawakuniita. Walipita tu, kila mmoja na safari yake. Nilipopona, blanketi likashushwa na mwanga ukaingia wote kwa mara moja, nikalia. Bibi alidhani ni macho yanauma. Nilikuwa nawalilia watu wangu.

Unaweza kuniuliza surua inahusiana na nini na mambo ninayotaka kukuambia. Inahusiana. Blanketi lile ndilo lililokuja kuniingiza sinema.

Mtaani kwetu palikuwa na mfanyabiashara mwenye ghala. Ndani ya ghala aliweka chumvi, samaki wakavu, magunia ya kahawa na madebe ya mawese, vyote vikingoja meli bandarini. Alikuwa na rafiki Mzungu aliyeishi jirani na ghala, na uhuru ulipokuja yule Mzungu akafunga mizigo akarudi kwao. Vitu alivyoshindwa kubeba alimwachia mwenye ghala: meza ya miguu ya simba, kasuku mmoja mwenye hasira, na mashini ya sinema pamoja na bobini chache za filimu ndani ya makopo ya bati. Kasuku yule alikuwa akitukana kwa lugha ya bwana wake kutwa nzima, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, watu walimwitikia "Wewe pia habari yako." Hakuishi sana. Bobini ndizo zilizobaki.

Zote zilikuwa filimu za watoto, zile za kuchora. Mwenye ghala hakuwa na mtoto, na ninafikiri ndiyo maana hakutaka kutuuzia tiketi. Lakini ghala lilikuwa na madirisha makubwa yasiyo na pazia, na jua la Jumapili alasiri, wewe unalijua jua la Bujumbura lilivyo kabla ya mvua, lilifuta kila kitu kwenye shuka ya kuonyeshea picha. Basi akatangaza: nyumba itakayoleta blanketi la kuziba dirisha, watu wake wote wanaingia. Kila Jumapili baada ya kula ungeona Bwiza nzima inatembea na mablanketi begani kwenye joto lile, utadhani watu wanahama kwenda kwenye baridi. Kila nyumba ilikuwa na dirisha lake. Letu lilikuwa upande wa barabara, karibu na magunia ya chumvi, likitazamana na ukuta mweupe wa chokaa. Na tundu lilikuwa bado lipo. Kila bobini ilipokuwa inabadilishwa na taa ya mashini imezimwa, watu wangu wa homa walirudi, wakapita kwenye ule ukuta mweupe vichwa chini, na mimi peke yangu nikiwatazama wakati wenzangu wanapiga miluzi ya kutaka filimu.

Nimekumbuka haya yote juzi, nilipokwenda kumtembelea binti yangu kule mtaa wa Mutanga Sud. Mjukuu wangu alikuwa amejilaza kwenye kiti na kile kioo chao cha kutazamia. Palikuwa na samaki amevaa kofia. Mtoto akaniambia, "Bibi, mwalimu amesema tuandike filimu hii inatufundisha nini. Wewe unaona inafundisha nini?"

Nikatazama. Samaki alikuwa anaongea haraka haraka na kila kitu kinang'aa.

"Nani anaisemea?" nikamuuliza.

"Haisemewi, bibi. Inajisemea yenyewe."

Nikaomba chai. Kuna vitu ukivieleza haraka vinaharibika, na mtoto alikuwa na haraka na daftari lake.

Filimu zetu hazikujisemea. Yule Mzungu alitoka nchi ambayo sisi hatukuijua, na lugha ya zile filimu hata waliosoma Kifaransa kwa mapadri walitikisa kichwa. Ndiyo maana tulikuwa na Msemaji.

Msemaji alikuwa mbeba mizigo bandarini. Alikuja kutoka ng'ambo, Congo, wakati wa vita vya kule, kama wengi waliokuja miaka ile na vikapu vyao na Kiswahili chao. Alikuwa mrefu, mabega yameinama mbele kwa magunia, na shingoni alikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Ukimwona Jumanne amebeba chumvi usingedhani ana maneno. Jumapili alivaa shati jeupe, akakaa juu ya gunia pembeni ya shuka, akachukua bati alilolikunja kama faneli, akaliweka mdomoni, na humo ndani wakatoka watu. Akatoka mzee mwenye kikohozi. Akatoka mama mwenye kelele, bibi yangu alikuwa akiapa kwamba ni sauti yake yeye imeibwa. Akatoka mtoto, mbwa, mvua, mlango usiotiwa mafuta.

Palikuwa na filimu ya jogoo mpiga ngoma. Palikuwa na ya paka wawili wanaopaka nyumba rangi wakaishia kupakana wao kwa wao, tulicheka mpaka tukakojoa. Lakini filimu yenyewe hasa ilikuwa ya punda.

Punda mdogo, masikio makubwa kuliko mwili. Anatoka kwao asubuhi, mama yake anatazama dirishani. Anavuka mto, anafika mjini, anabebeshwa mizigo na watu wabaya, anacheza dansi kwa ajili ya karoti, ananyeshewa. Mwishoni anashika njia ya kurudi. Anapanda kilima, anafika juu, na bondeni anaona nyumba yao na moshi unatoka. Masikio yanasimama wima. Na hapo hapo, krrr, picha inakatika. Bobini ilikuwa imepasuka pale, mwisho haupo. Shuka inabaki nyeupe.

Mahali pengine filimu ingeishia hapo watu waende nyumbani. Kwetu ndipo ilipoanza. Msemaji aliacha mashini ikizunguka bure, akapiga vidole vyake juu ya kasha lililokuwa kando yake, kop, kop, kop, punda anateremka kilima. Akagonga.

"Hodi!"

"Nani uko unapiga mulango?" Hiyo ni sauti ya mama.

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani? Bamimi ni bengi mu hii dunia."

"Mimi yule wa masikio!"

Kisha Msemaji akatuelekezea bati, na ghala zima, watoto na mama zao na wazee waliojifanya wamekuja kulinda watoto, tukaitikia kwa pamoja: "Karibuuu!" Madebe ya mawese yalitetemeka.

Sasa sikia kitu kilichonifunga kwa mtu yule. Picha zilikuwa zile zile kila Jumapili, lakini hakutupa sababu ile ile. Jumapili hii punda aliondoka kwao kwa kuwa alipigwa bure. Jumapili nyingine, kwa picha hizo hizo, nyumbani hapakuwa na chakula na aliona aibu kula sehemu ya wadogo zake. Siku nyingine ilikuwa tamaa tu, alisikia kuna mji wenye majani ya sukari. Na kuna siku alisema kulikuwa na vita. Siku hiyo alisema polepole na hakutuchekesha mahali popote.

Sisi tulimkatalia. "Msemaji! Jumapili iliyopita ulisema alipigwa!"

"Jumapili ile alipigwa. Leo iko na njaa," akatujibu. "Mutu anaweza kutoka kwabo kwa sababu mingi. Nyinyi munataka kumuchagulia moja?"

Shule niliiacha mapema nikauze mandazi, na niliyofundishwa humo yamebaki machache. Lakini tangu siku hiyo sijapata kumwona mgeni amesimama mlangoni nikajidai najua kwa nini aliondoka kwao. Kama mwalimu wa mjukuu wangu angeniuliza mimi, ningeandika hilo moja.

Habari ya majina ilianza kwa utani. Mama Zaina, muuza sambusa wa pale kona, mume wake alikuwa amekwenda Kigoma na meli ya mizigo akakaa huko kimya. Jumapili moja punda alipotokea, mama yule akapiga kelele gizani, "Jamani masikio ya huyu, si Baba Zaina mtupu!" Ghala likavunjika kwa kicheko. Msemaji hakuacha kitu kipite. Siku ile punda akaitwa Baba Zaina tangu mtoni mpaka kilimani, na alipobisha hodi kwenye shuka nyeupe akasema, "Ni mimi, Baba Zaina, nafika," na sisi tukamkaribisha kwa sauti zote.

Wiki ile haijaisha, Baba Zaina akashuka bandarini na gunia la mchele.

Mtu wa mahali pengine angesema ni bahati. Meli hurudi, ndiyo kazi ya meli. Lakini Bwiza ya wakati ule karibu kila nyumba ilikuwa na mtu asiyekuwepo. Mmoja yuko ng'ambo kwenye vita, mmoja alifuata migodi, mmoja alitoka kununua sabuni. Tangu Jumapili ile, Msemaji alipouliza, "Leo uyu punda anaitwa nani?" wanawake walisimama.

"Wewe juzi ulikuwa na kaka yako! Kaa chini, wape wengine!"

"Kaka yangu hakurudi, alituma salamu tu. Salamu haihesabiwi!"

"Utahesabu mwenyewe. Leo zamu ya mume wangu."

"Mume wako yuko kwa yule mwanamke wa Buyenzi hapo jirani, punda hana haja ya kuvuka mto!"

Tulicheka, lakini wao hawakuwa wakicheka sana. Siku za kazi walimpelekea Msemaji chakula bandarini, sombe, yaani kisamvu, yenye karanga, samaki mukeke wa kuchoma, ugali umefungwa kwenye jani. Nilikuwa napita kule na sinia langu la mandazi nikimsikia anawasihi.

"Mama, ile ni picha tu. Mi nabeba magunia. Siwezi kurudisha mutu."

"Eeh, picha tu, tunajua. Wewe tia jina."

Na wengine walirudi, nisikufiche. Watu wakiwa wengi safarini, wako watakaorudi. Kila aliyerudi alihesabiwa kwa punda. Wasiorudi hawakuhesabiwa kwa mtu yeyote.

Nyumbani kwetu asiyekuwepo alikuwa baba yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi. Walimwita Kadogo, ingawa alikuwa na miguu mirefu kuliko mlango. Alikuwa fundi wa baiskeli, mkono wake ulinuka girisi hata siku ya Idi, na akicheka majirani waliamka. Alivuka ziwa na mtumbwi wa wafanyabiashara, vitenge na chumvi, safari ya siku chache. Kisha kule vita vikapamba moto. Bibi hakulia mbele yetu. Alichofanya ni hiki: kila siku akipika wali, alikwangua ukoko wa chini ya sufuria, ule uliokauka vizuri na mafuta, ambao Kadogo alikuwa akiupigania tangu utotoni, akauweka kwenye sahani ya bati na kuifunika kwa bakuli. Asubuhi sisi watoto tuliula. Jioni aliweka mwingine.

Lakini jina lake kwa punda? Thubutu. Bibi alikuwa mwanamke wa mji, mswalihina, aliyeendelea kuiita Bujumbura "Usumbura", jina la zamani, hata baada ya uhuru. "Kumvalisha mwanangu masikio ya punda, astaghfirullah," akasema. "Mimi nakwenda kulinda blanketi langu." Na kweli kila Jumapili alikaa chini ya dirisha letu na tasbihi yake, mgongo kwa shuka. Ila niligundua kwamba tukisema "Karibuuu" midomo yake ilikuwa inacheza, na haikuwa tasbihi.

Siku moja nilimuuliza Msemaji kwao wapi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na unajua ikishakunyesha ile milima ya ng'ambo inasogea mpaka unaona miti. Akaonyesha kwa kidevu, mikono ilikuwa imeshika gunia. "Kule. Siku ingine naona na moshi."

"Basi Jumapili tutie jina lako wewe!"

Akaweka gunia chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya kabla ya kufika. "Mi nikikuwa punda," akasema, "nani atamusemea?"

Nilimpelekea bibi maneno hayo kama mzaha. Hakucheka. Aliendelea kuchambua mchele, akatoa mawe yote na mengine ambayo hayakuwa mawe. Siku iliyofuata akaniita nimbebee sahani. Alikuwa amekaanga sambusa za nyama, alizozikaanga Idi tu. Tukateremka mpaka bandarini, yeye mbele, mtandio umebanwa chini ya kidevu. Msemaji alipomwona alijifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kula kwanza."

Akala. Bibi anatazama maji.

"Mi sikuombi kitu," akasema mwishowe. "Nyinyi na punda wenu. Lakini kama Jumapili jina litakosekana, mi ninalo moja, liko bure tu pale nyumbani."

Msemaji akashikilia sambusa mkononi. "Bibi, wewe uko mutu muzima. Unajua ile ni picha."

"Najua."

"Mwisho wake nautunga mimi."

"Najua, mwanangu. Utunge vizuri."

Nikuambie jambo moja hapa, kabla sijaendelea, maana najijua nikianza sitarudi nyuma. Mwenye ghala hakuwa mtu mbaya. Juma lile alikuwa akipangua makasha ya yule Mzungu kutafuta nafasi ya kahawa, na chini kabisa, chini ya vitambaa vya meza vilivyoliwa na mchwa, akakuta kopo jingine. Ndani kipande cha filimu. Akakitazama kwenye jua, akaona masikio. Alifurahi kama mtu aliyeokota mtoto aliyepotea. Akakiunga mwenyewe kwenye bobini ya punda, kwa gundi, na hakumwambia mtu, hata Msemaji. Alitaka atushtue.

Jumapili ikafika. Mablanketi yakatundikwa. Msemaji akakaa juu ya gunia, akauliza leo punda anaitwa nani, na wanawake wakaanza kusimama, kisha wakaona bibi yangu amesimama. Wakakaa. Mmoja mmoja, bila kuambiwa.

"Kadogo," akasema bibi.

Wote walimjua Kadogo. Nusu ya baiskeli za Bwiza zilipita mikononi mwake.

Msemaji alisema siku ile kuliko siku zote. Kadogo alitoka kwao kwa sababu ya furaha tu, alitaka kumletea mama yake kitenge cha rangi ambayo haijaonekana. Kadogo alivuka mto akicheka kile kicheko chenyewe, sijui alikitoa wapi, labda kwetu watoto, na niliona mabega ya bibi yanatikisika. Alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameipa shuka uso wake. Mji, mizigo, dansi, mvua. Kilima. Masikio yakasimama. Wanawake wakavuta pumzi ya kuitikia, Msemaji akainua vidole vyake juu ya kasha.

Picha haikukatika.

Punda akaanza kuteremka kilima kweli, kwa miguu yake mwenyewe, na chini kulikuwa na muziki. Sisi watoto tulirukaruka, tulipiga makofi, tulikuwa hatujawahi kuona upande ule wa kilima! Mwenye ghala nyuma ya mashini alikuwa akicheka peke yake. Vidole vya Msemaji vilibaki hewani. Punda akafika. Akagonga mlango. Mlango ukafunguliwa, na aliyefungua alikuwa mbuzi mzee na miwani. Nyuma yake mbuzi wadogo wanakula mezani. Pazia jipya dirishani. Yule mbuzi akamtazama punda juu mpaka chini, akasema neno fupi kwa ile lugha yao, akafunga mlango.

Makofi yalikufa moja moja.

Punda akasimama pale. Kisha akageuka, akashika njia, na muziki ulikuwa bado wa furaha, hilo ndilo sijalielewa mpaka leo. Akawa mdogo, akawa masikio tu, akawa nukta. Labda alikuwa amekosea nyumba. Labda kulikuwa na kopo jingine mahali, na ndani yake mama yake anamngoja mtaa wa pili. Nimelifikiria kopo hilo maisha yangu yote.

"Sema," akasema bibi yangu. Hakupaza sauti. "Msemaji, sema. Mwambie agonge tena."

"Sema!" wanawake wakaitikia. "Sema bwana! Sema kitu!"

Alifungua mdomo. Kwenye shuka nyeupe alikuwa anaweza kusema lolote, na sisi tuliweza kuliona. Sasa palikuwa na mlango pale, na ulikuwa umefungwa, na kila mtu ameuona.

Wacha niruke mbele kidogo, halafu nimalizie mahali ninapotaka mimi. Jioni ile bibi alipika wali, akakwangua ukoko, akatugawia sisi ukiwa moto. Bakuli alilirudisha kabatini pamoja na mengine. Kadogo hakurudi, wala habari yake haikuja. Wanawake hawakukusanyika tena pale Jumapili, na mwenye ghala, maskini, aliikata ile sehemu mpya kwa mkasi akaitupa, akatuita tena, lakini nani angeikaribisha shuka baada ya kuona? Madirisha yakabaki bila mablanketi. Baadaye akauza mashini. Pale leo wanauza simu. Nikipita naona watoto wanatazama vioo vyao, kila mmoja na chake, vinajisemea, na hakuna anayeitikia kitu. Sisemi filimu zao ni mbaya. Samaki yule wa kofia huenda ana jambo la maana. Ila mimi nilijifunza "karibu" kwenye giza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anatunga, nikiwa nimebanwa katikati ya magoti ya mama za watu, wote tunangoja zamu yetu ya kusema neno moja. Neno hilo sijalisema tena vile. Siku hizi hata huku kwetu wageni hubonyeza kengele.

Na Msemaji. Bandarini walisema hakuja kuchukua mshahara wake. Wengine walidai alivuka, wengine walidai hakuna mtumbwi uliompakia. Mi najua ninachokijua, kwa sababu nilimwona.

Aliweka bati lake juu ya gunia la chumvi, polepole, kama yai. Akasimama. Akapita katikati yetu, akifungua njia kwa mkono kama mtu anayepita kwenye majani marefu, akafika mlango wa nyuma, mwanga ukaingia, mlango ukafungika. Bobini ikaisha, mwenye ghala akazima taa ya mashini. Hakuna aliyekwenda kufungua madirisha. Tulikaa tu kwenye giza la mchana, na bibi yangu amesimama.

Mimi nikageuka kutazama ukuta wa chokaa, ule unaotazamana na tundu la blanketi letu. Jua lilikuwa kali barabarani. Akapita mtu na baiskeli, magurudumu juu. Kisha akaja yeye, amezungukia barabarani, mrefu, shati jeupe, mabega yameinama, kichwa chini na miguu juu, anatembea bila haraka upande wa ziwa. Nilikuwa nimekatazwa kuwaitikia wakiita, kwa hiyo nikabana midomo na kungoja aite, maana nilikuwa nimeshaamua kwamba yeye nitamwitikia. Hakuita. Alikwenda mpaka pembe ya ukuta, palipopangwa magunia ya kahawa, akaingia nyuma ya magunia.